Safari ya Lumuma na Kosta iliyoishiwa gesi

Saa nne na nusu asubuhi, mwezi Oktoba, Kosta ya kukodi imeegeshwa chini ya mwembe pembeni ya barabara kuu ya Iringa, mjini Mikumi. Juu ya keria kuna sufuria, magodoro na magunia mawili ya mchele. Abiria ni ukoo mmoja: wametoka Kidatu alfajiri na wanakwenda Lumuma kwenye harusi. Wengi wameshuka. Waliobaki ndani ni bibi mmoja mwenye shinikizo la damu, ambaye magoti yake hayataki kupanda na kushuka mara mbili, na mama kijana anayejaribu kumnyonyesha mtoto wa miezi minne huku akimpepea kwa kipande cha boksi.

Mtoto hataki kunyonya. Analia kidogo, analala, anaamka, analia tena. Shingoni ametoka vipele vya joto.

"Kaka dereva, humu ndani tunapikwa," mama anasema kupitia mlangoni.

Dereva hana la kujibu. Kiyoyozi kilikuwa kinatoa ubaridi walipotoka Kidatu, kikaanza kutoa upepo wa kawaida, na kabla hawajafika Mikumi kikawa kinatoa hewa ya moto. Kwenye basi la kawaida la shamba jambo hilo lisingekuwa habari, kwa kuwa abiria wangefungua madirisha na safari ingeendelea. Kosta hii haina madirisha ya kufungua.

Gari lililogeuzwa

Ni Kosta ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilitoka kiwandani Japan ikiwa basi dogo la kawaida, lenye vioo vya kusukuma. Mmiliki wa pili aliipeleka kwa mafundi wa bodi wakaigeuza iwe gari la harusi na watalii: vioo vya pembeni vikatolewa, vikawekwa vipande virefu vyeusi vilivyobandikwa moja kwa moja, viti vikaongezwa mstari mmoja, kidirisha cha dharura cha juu, kilichokuwa kinavuja wakati wa mvua, kikazibwa kwa silikoni. Kikabaki kioo cha dereva, mlango, na vidirisha viwili vya nyuma ambavyo navyo vilizibwa ili vumbi lisiingie.

Gari likawa la kupendeza, lakini maisha ya ndani yakawa yanategemea kifaa kimoja tu. Mageuzi ya aina hii yako mengi barabarani, na mzazi anayekodi gari kwa ajili ya harusi, msiba au safari ya shule mara nyingi huuliza bei, idadi ya viti na kama kuna muziki. Ni wachache wanaouliza dirisha gani linafunguka.

Kuna mageuzi mengine yasiyoonekana kwa macho. Magari ya umri huu yaliondoka kiwandani yakiwa na gesi ya kiyoyozi iitwayo R-12. Hiyo ni miongoni mwa gesi zilizogundulika kuharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa duniani. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuacha kabisa kundi hilo la gesi. Iliyochukua nafasi yake kwenye magari ni R-134a, ile inayouzwa kwenye mitungi ya rangi ya bluu mpauko. Haigusi ozoni, ingawa ina tatizo lake: ikitoka hewani, kilo moja hulipasha anga joto kwa kiasi cha zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa. Ndiyo maana nchi zilikutana tena, safari hii Kigali, Oktoba 2016, kukubaliana namna ya kuipunguza na hiyo.

Gari la zamani haliwezi tu kubadilishiwa gesi kama mtu anayebadili chapa ya sabuni. Mafuta ya kulainisha kompresa yaliyoendana na R-12 hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo yanapaswa kubadilishwa. Kichujio cha unyevu kibadilishwe pia, na mipira ya viungio iwekwe ya aina inayofaa. Ikifanywa vizuri, ubaridi hupungua kidogo tu. Ikifanywa kwa kuruka hatua, kompresa huumia taratibu na viungio huanza kuvuja. Dereva wa Kosta hii anajua gesi ilibadilishwa. Nani alibadilisha na alifanya nini hasa, hajui. Aliinunua ikiwa hivyo.

Gesi haiishi kama dizeli

Fundi wa kwanza kufika ni kijana mwembamba, anakuja na bodaboda, begi la vifaa mgongoni na mtungi mdogo mapajani. Mikumi haikosi mafundi. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa usiku na mchana, barabara ya Ifakara inaungana na barabara kuu hapahapa, na mji una chuo cha VETA. Gari likikufia kati ya Morogoro na Iringa, hapa ni pahala pazuri pa kufia.

Dereva anamwambia kwa kifupi: "Jaza gesi tuondoke."

Fundi hajazi. Anaunganisha geji yake yenye hosi za bluu, nyekundu na njano, anaangalia mshale, anatikisa kichwa. Kisha anauliza swali ambalo kila mwenye gari angetakiwa kuulizwa: mara ya mwisho ilijazwa lini? Dereva anasema miezi mitatu iliyopita. Na kabla ya hapo? Miezi mitano.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi. Inazunguka. Kompresa inaisukuma ikiwa na mgandamizo mkubwa na joto kali, inapita kwenye kondensa ambako joto hilo hutolewa nje na gesi inageuka kimiminika, halafu inapenya kwenye valvu nyembamba na kuachiwa ghafla ndani ya koili iliyo upande wa abiria. Hapo inachemka na kuwa mvuke, kwa sababu R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na katika kuchemka huko inanyonya joto la hewa ya ndani. Kisha inarudi kwenye kompresa. Ni gesi ileile, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua sana ndani ya miezi mitatu, kuna mahali inatoka.

Kwa hiyo anayejaza kila baada ya miezi michache ananunua gesi ya kumwaga hewani, na tena anaua kompresa, maana mafuta ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi hiyo. Gesi ikiwa kidogo, mafuta hayarudi.

Fundi anaanza kutafuta tundu. Anapaka povu la sabuni kwenye viungio. Anapapasa hosi moja moja, akitafuta mahali penye utando wa mafuta na vumbi lililoganda, kwa kuwa gesi inapotoka huacha mafuta. Karibu na kompresa anapata kiungio kinachotoa mapovu madogo. Mpira wake umekauka na kupasuka. Anautoa, anaweka mpya.

Jua limepanda. Bibi ameshushwa hatimaye, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki alichoazima utingo kwa muuza chipsi.

Ofa ya nusu bei

Wakati huo ndipo anapofika mtu wa pili, mkubwa kwa umri, mchangamfu. Amesikia kuna Kosta imekwama. Anamvuta dereva pembeni na kumpa bei iliyo chini ya nusu ya ile ya kijana. Atajaza dakika kumi, ubaridi utazidi hata huo wa kiwandani. Gesi yake ni ya kupikia, ile ya mtungi wa nyumbani.

Hadanganyi kuhusu ubaridi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, na zote mbili hupoza vizuri sana. Hata jokofu jipya la nyumbani huenda linatumia gesi ya jamii hiyo. Tofauti ni kwamba jokofu lile limebuniwa kwa ajili yake, nyaya na swichi zake zimewekwa mbali na cheche, na kiasi kilichomo hakizidi gramu 150, pungufu ya gilasi moja ya maji. Kiyoyozi cha basi dogo kitahitaji mara kadhaa ya hiyo, kwenye mabomba ya miaka thelathini yanayotikiswa kila siku, na koili yake ikiwa ndani, juu ya vichwa vya abiria.

Nusu kilo ya gesi hiyo ikigeuka mvuke inafikia lita 250 hivi. Haisambai sawasawa. Ni nzito kuliko hewa, inashuka sakafuni, kwenye mabegi na kwa watoto waliolala chini kati ya viti. Ikifika asilimia 2 tu ya hewa ya mahali hapo, cheche ya swichi ya feni inatosha. Mlango wa Kosta ni mmoja, na vioo vya hii havifunguki.

Dereva anasitasita. Si mtu mbaya. Amepunguza bei ya kukodi kwa sababu wateja ni majirani, na kijana wa kwanza amemtajia kiasi kinachokaribia faida yote ya safari. Anamwita baba wa bwana harusi, wanashauriana kwa sauti ya chini. Mama mwenye mtoto anasikia neno "gesi ya kupikia".

"Shemeji, mnataka kuweka gesi ya jikoni mle ninamokaa na mtoto?"

Mtu wa pili anamwambia asiogope, magari mangapi yanatembea nayo. Bibi, kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, anasema kwamba nyumbani kwake mtungi hulala nje ya mlango, na hajaona sababu ya kusafiri nao juu ya kichwa. Ubishi ukaishia hapo. Wazee wana namna yao ya kufunga mjadala ambayo wataalamu wa usalama barabarani wangeitamani.

Mshale unaopanda

Kijana anaendelea. Anachofanya sasa ndicho kinachotofautisha fundi na mjazaji. Anawasha pampu ya kunyonya hewa, vakyumu, na kuiacha ifanye kazi zaidi ya nusu saa. Lengo ni kutoa hewa na unyevu wote kwenye mabomba. Maji kidogo tu yakibaki ndani yanaweza kuganda kwenye valvu na kuziba njia, au kuchanganyika na mafuta na gesi na kutengeneza tindikali inayokula kompresa kutokea ndani. Baada ya hapo huzimwa pampu, na mshale wa geji huangaliwa. Ukitulia, mfumo umeziba vizuri na gesi inaweza kuingizwa, kwa kupima uzito kwenye mizani kufuatana na kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, si kwa kukisia kwa mkono kwamba bomba limepoa. Gesi ikizidi nayo ni hasara: mgandamizo unapanda, ubaridi unashuka, na hosi iliyochoka inaweza kupasuka.

Watoto wa harusi wamezunguka mtungi. Fundi anawafukuza, mara mbili, na ana haki. Gesi hii ikiruka katika hali ya kimiminika inagandisha ngozi papo hapo, na jicho ndilo linaloumia zaidi. Ikijaa mahali palipofungwa inafukuza hewa ya kupumua bila harufu ya kumwonya mtu. Ikikutana na moto inatoa moshi wenye sumu unaochoma mapafu. Mzazi aliyesimama gereji na mtoto mkononi asogee, akae upande upepo unakotoka.

Mshale hautulii. Unapanda polepole sana, lakini unapanda. Kuna tundu jingine.

Fundi anaingia ndani ya gari, anafungua kifuniko cha dari juu ya viti vya nyuma, anaingiza kitambaa cheupe chini ya koili. Kinatoka na mafuta ya kijani. Koili yenyewe ndiyo imetoboka, ndani kabisa, mahali pasipofikika kwa kiungio wala mpira. Dawa yake ni kuitoa yote na kuweka nyingine, na nyingine haipo Mikumi. Pengine Morogoro, pengine Dar es Salaam.

Yaani kama wangekubali ofa ya nusu bei, gesi ya kupikia ingekuwa inavuja upande wa abiria, juu ya mstari wa nyuma, ambako mama na mtoto walikuwa wamekaa kukwepa jua. Baba wa bwana harusi anaelewa hilo kabla halijasemwa. Anamtafuta mtu wa pili kwa macho. Ameshaondoka.

Kuna jambo ambalo huenda lisingetokea kwa mafundi wengi wenye mtungi mkononi na mteja mwenye haraka: kijana anakataa kujaza. Anasema itapoa hadi Kilosa na pesa yao itakuwa imekwenda. Anachukua malipo ya mpira na ya muda wake, halafu anaomba kisu. Anapanda juu, anakata silikoni iliyozunguka kidirisha cha dharura, anakipigapiga kwa nyundo ya mpira hadi kinanyanyuka. Anarudi chini, anafungua na vile viwili vya nyuma. Kazi nzima imechukua dakika ishirini, na wote wanashangaa kwa nini haikuwa ya kwanza.

Mtoto na joto

Kabla ya kuondoka, mama anamvua mtoto soksi, kofia ya sufi na sweta. Alikuwa amevikwa vyote kwa ajili ya ubaridi wa kiyoyozi na hakuna aliyekumbuka kuvitoa kilipokufa. Ni kosa la kawaida, kwani kwetu mtoto mchanga hufunikwa kwanza, maswali baadaye. Kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake na hapo ndipo joto linapotokea; kukifunika ndani ya gari la moto ni kumfungia joto hilo.

Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima, na hatoki jasho la kutosha kujipoza. Utafiti uliofanywa Marekani kwenye gari lililoegeshwa juani, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia. Kwa hiyo katika kituo chochote, hata cha "nakuja sasa hivi", mtoto hushuka na mtu.

Wa miezi minne hapewi maji. Maziwa ya mama yanatosha hadi atimize miezi sita, hata Kilosa, hata Oktoba, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi ya kawaida, na mama mwenyewe ndiye anywe maji mengi. Mtoto aliyezidi miezi sita apewe maji kidogo kidogo njiani. Njia rahisi ya kujua kama anapata ya kutosha ni nepi: ikikaa kavu saa sita, midomo ikikauka, akilia bila machozi au utosi ukibonyea, huyo anahitaji kituo cha afya, siyo kufika kwanza harusini.

Na zipo dalili ambazo hazingoji hata dakika: ngozi ya moto sana, mtoto kulegea asiamke vizuri, kutapika mfululizo, kushtuka au degedege. Atolewe kwenye gari, kivulini, avuliwe, apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida huku akipepewa, na safari ielekee hospitali. Barafu haifai. Panadoli haishushi joto la jua. Hiyo ni ya homa. Hapa ndipo wazazi wengi wa Kilosa wanapochanganya, kwa sababu eneo hili lina malaria, na mtoto wa moto huhesabiwa kuwa ana malaria au ana "joto la safari" kutegemea nani anaongea. Akipoa ndani ya muda mfupi kivulini na kuanza kunyonya, lilikuwa joto. Akibaki wa moto baada ya kupumzika, apimwe siku hiyohiyo.

Bibi naye hakusahauliwa. Vidonge vyake vya shinikizo la damu ni pamoja na vile vya kukojoza, vinavyotoa maji mwilini. Hapaswi kuviacha kwa sababu ya safari, lakini pia hapaswi kujinyima maji kwa kuogopa kusumbua gari lisimame. Mwanamke mtu mzima kwenye basi mara nyingi hunyamaza na kiu. Utingo alipewa jukumu la kumuuliza kila baada ya muda, na akalifanya kwa bidii hadi bibi akamwomba apumzike.

Kupitia Ulaya

Kutoka Mikumi barabara ya Kilosa inaelekea kaskazini. Vumbi linaingia sasa kupitia vidirisha vya nyuma, mama amemfunika mtoto mbali kidogo na uso kwa khanga nyepesi iliyoloweshwa, na upepo unatoka juu. Si ubaridi. Ila hewa inatembea, na mtoto amelala usingizi wa kweli.

Wanapita Ulaya. Ni kijiji cha Kilosa chenye jina hilo, na hakuna gari la harusi lililowahi kukipita bila mtu mmoja kutangaza kwamba amefika Ulaya bila viza. Safari hii ni shangazi wa bibi harusi.

Kilosa mjini wanasimama kula. Mji huu umezoea kupitiwa. Misafara ya zamani kutoka pwani ilipita nchi hii ya Wasagara. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alikuja Usagara kukusanya saini za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914. Mto Mkondoa unapita kando ya mji, mpole wakati huu wa kiangazi, lakini ni mto huohuo uliobomoa reli na kuwatoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao katika mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa na kutoboa milima kwa mahandaki. Ndani yake kuna kiyoyozi. Vijana waliokuwa wanasubiri chipsi waliliona hilo na hawakukaa kimya.

Dereva anatumia kituo hicho kukagua jambo jingine aliloambiwa na fundi: sakafu. Gari lililozibwa vioo na lenye sakafu iliyotoboka kwa kutu hunyonya moshi wa ekzosi ndani, na ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Abiria huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, husinzia, wakidhani ni uchovu. Watoto hulala kwanza. Kiyoyozi kikiwashwa kwa kuzungusha hewa ya ndani tu, hali huwa mbaya zaidi. Dereva anainua zulia la plastiki, anakuta kitundu karibu na gia, anakiziba kwa kipande cha bati na gundi ya fundi viatu. Kwa muda, anasema.

Kutoka Kilosa njia inaelekea magharibi, milimani, upande wa Kidete na mpaka wa Mpwapwa. Hapa Kosta inatembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila mtikisiko ni jibu la swali la koili iliyotoboka: mabomba ya shaba na aluminiamu yaliyokusudiwa lami ya Japan yanasuguana na vishikizo vilivyolegea, saa baada ya saa. Jua linashuka. Wanasimama mara tatu kunyonyesha, na mara ya tatu mama anabadili nepi, nzito, anaionyesha kwa bibi kama mtu anayeonyesha cheti.

Lumuma wanaingia jioni, na baridi imeshaanza kushuka kutoka Rubeho. Bonde ni la vitunguu. Mifereji inatoa maji mtoni na kuyagawa kwenye majaruba, na msimu huu magunia mekundu yenye matundu yamepangwa kando ya njia yakisubiri malori. Harufu yake inaingia kupitia kidirisha cha juu kabla gari halijasimama. Hakuna aliyekumbuka kiyoyozi. Vigelegele vilianza mlangoni, mtoto akapokelewa na mikono ambayo mama yake hakuitambua, na sweta lililovuliwa Mikumi likatafutwa haraka.

Asubuhi yake dereva alikaa kwenye gogo akiongea kwa simu na fundi wa Morogoro kuhusu bei ya koili, kusafisha mabomba na kubadili mafuta yote ya kompresa. Bei haikumfurahisha. Alipokata simu alimwambia bibi, aliyekuwa anamenya vitunguu na wanawake wengine, kwamba gari litatengenezwa wiki ijayo, na kile kidirisha cha juu itabidi akizibe tena, mvua zinakaribia.

"Wewe tafuta mpira mpya wa kukizungushia," bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Kifungwe, kisizibwe."